Mjomba Ajipa Pole

Kundi letu la ukoo kwenye WhatsApp lina watu wa Tanga, Muheza, Korogwe, Pangani, na wengine wako Oman ambao hatujawahi kuwatia machoni. Kutwa ni salamu za Ijumaa zenye maua na dua ukiambiwa usipoisambaza utaona.

Alfajiri moja mpwa mmoja wa Muheza akatupia picha ya zamani ya Mjomba, nyeusi na nyeupe, kavaa koti na kofia ya kiua. Alitaka kuandika chini yake, "Nani anaukumbuka ujana huu?" Bando likakata. Picha ikabaki kavu. Na kwetu sisi, picha ya mzee ikija kabla ya jua, bila neno, haina maana ya pili.

Mama mkubwa wa Korogwe akaanza: "Inna lilahi wa ina ilayhi rajiun." Waliofuata wakanakili na kubandika, na makosa yake ya herufi yote yamo. Mmoja akaweka mshumaa (kwetu hatuwashi mishumaa, lakini haya). Naamka, nimeshateuliwa mweka hazina wa rambirambi, "maana wewe uko karibu na msiba", na miamala inaingia. Katika ukoo mzima hakuna aliyepiga simu.

Mimi nakaa Ngamiani, Barabara ya 9. Mjomba, ya 10. Nikavaa kanzu, nikakata uchochoro machozi yananitoka.

Nikamkuta barazani. Ana kahawa yake na kipande cha boflo, simu kaisogeza puani, anabonyeza kwa kidole kimoja.

"Shikamoo, Mjomba." Sauti ilitoka kama ya kifaranga.

"Marahaba, mjomba. Afadhali umekuja. Nani kafa?"

"Kwani hapo unaandika nini?"

"Natoa pole. Nimekuta wenzangu wanatoa, na vitiki vya bluu washaviona. Nikinyamaza watasema nina kiburi."

Picha kwake ilikuwa ukungu mtupu. Kafunga picha zisijipakue, zisimle bando. Pole yenyewe alishaituma: "Tumepoteza mtu mwema, mcheshi, asiyependa makuu. Hatutapata tena mfano wake."

Sijamfungulia ile picha, bodaboda ikasimama kwa kishindo. Mama mdogo huyo, katoka Pangani, kanga kaifunga kibwebwe, "Kakaangu weee, umeniachia nani!" Akafika kwenye ngazi ya baraza. Akamwona marehemu anachovya boflo. Akaitazama simu yake, akamtazama tena kakaye, hajui amwamini yupi.

"Na nilikuwa sijalia mie," akasema akihema. "Nimelizwa na maneno yako! Eti hatutapata mfano wake!"

"Kwani uongo?" Mjomba akauliza.

Nyuma yake wakaja vijana na turubai na sufuria la kukodi, wakagoma kuvirudisha kwa kuwa washalipia. Mchele ukainjikwa. Mimi nikasema basi, hizi rambirambi nianze kuwarejeshea wenyewe.

"Ziende wapi?" Mjomba akavaa miwani. "Msiba wa nani? Nisomee majina."

Nikasoma. Kila jina aliguna, mengine kwa kuridhika. Nikafika kwa mpwa wa Muheza, yule yule wa picha, ambaye bando lilipomrudia naye alisoma pole, akaamini, akachanga.

"Elfu mbili, Mjomba."

"Kaweka na ya kutolea?"

"Hakuweka."

Mjomba akatua kikombe. "Elfu mbili! Na jando nimemtia mimi!"