"We umeshajenga?"

Kila Desemba nikienda nyumbani swali la kwanza la baba mdogo sio habari za mjini, ni "we umeshajenga?" Nikisema bado ananyamaza kidogo, anamimina chai, alafu anahamia kwenye mambo ya mvua. Mwaka jana nikajikaza nikamwambia baba mdogo mi najihesabu nimefanikiwa, nafundisha, kazi naipenda, watoto wa watu wanafaulu. Akasema sawa mwanangu, ila ukifa leo turubai tunafunga wapi? Nilicheka ila usingizi haukuja.

Tuliosoma tuna tabia ya kusema wazee hawa wanapenda vitu. Mi naona tunawaonea. Mtu ambaye hajaajiriwa maisha yake yote hana mafao wala pensheni, nyumba ndo pensheni yenyewe, vyumba viwili anapangisha, kimoja analala, binti akirudi kutoka kwa mumewe ana pa kufikia. Ndo maana anajenga kidogo kidogo, leo msingi, mwakani lenta, bati Mungu akijalia. Tofali ni akiba ambayo shemeji hawezi kuja kuikopa jioni. Shida ya kipimo chake ni kwamba hakina mwisho, ukijenga wanauliza gari, ukinunua IST wanauliza utabadilisha lini, na kuna watu nawajua wamemaliza yote hayo na Jumatatu asubuhi bado wanakaa ndani ya hilo gari dakika kumi kabla ya kuingia kazini.

Upande wa pili kuna hawa wa motivesheni, tafuta kusudi lako, acha kazi, fuata ndoto, pesa itakufuata yenyewe. Hapa uvumilivu unaniishia. Kijana kamaliza chuo kwa mkopo, akipata ajira Bodi ya Mikopo inakata 15% ya mshahara wa msingi, kinachobaki kuna ada ya mdogo wake na dawa za mama, alafu mtu anamwambia aache kazi ajitafute? Akijitafuta yeye mdogo wake anarudishwa nyumbani kwa kukosa ada, hilo kwenye semina huwa hawasemi.

Tena hata wale tunaowatolea mfano hawakuishi hivyo. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987, Nobel kaipata 2021, na miaka mingi hapo katikati alikuwa mwalimu wa chuo kikuu Kent kule Uingereza mpaka akastaafu. Yaani mshahara ulikuwepo, na kuandika kulikuwepo pembeni yake.

Mfano mwingine unaopendwa sana ni John Stephen Akhwari, Mtanzania aliyekimbia marathoni ya Olimpiki, Mexico City 1968. Alianguka akaumia goti, akafungwa bandeji, wenzake wakamuacha, kaingia uwanjani giza limeshaingia, zaidi ya saa nzima baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Walianza 75, wakamaliza 57, yeye wa mwisho. Inatumika kuonyesha kwamba ukijua kwanini unakimbia namba haijalishi, na kwa kweli mimi mwenyewe darasani nimeitumia mara nyingi tu. Ila miaka miwili baadae, 1970 kule Edinburgh kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, alikuwa wa tano kwenye marathoni kwa saa 2 na dakika 15. Nani anaisimulia hiyo? Kwa hiyo hata sisi watu wa kusudi tuna kipimo chetu cha kuangaliwa na watu, ni vile tu sisi tunapenda bandeji na wenzetu wanapenda bati.

Mi nimefika hapa: swali la turubai sio la tofali. Baba mdogo aliuliza ni nani atakuja na atakaa wapi, na kwa hilo wanafunzi wangu ni jibu la nusu ya kwanza, watakuja, najua watakuja. Nusu ya pili sina. Na kukosa hiyo nusu nilikuwa naita msimamo, kumbe sehemu kubwa ilikuwa ni uvivu wa kuweka akiba nikaupaka rangi ya wito.

Januari nimeanza kulipia kiwanja kwa mafungu. Kufundisha siachi. Nilimpigia baba mdogo nikijua atafurahi, akakaa kimya kidogo alafu akauliza, "kina hati?"