Probayotiki zenye koti: tunalipia nini hasa?

Siku hizi ukiulizia probayotiki (vijidudu hai vya kumeza kwa afya ya tumbo) famasi unaambiwa hii ina koti maalum, asidi ya tumbo haiigusi, bakteria wanafika utumboni wazima kabisa, na bei inapanda kwa maelezo hayo hayo. Mi naona hoja ya koti ni ya kweli ila wauzaji wanaisema nusu tu.

Ukweli wenyewe ni huu, tumbo likiwa tupu pH yake (kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali) inacheza kwenye 1.5 hadi 3.5, na bifidobakteria, aina moja ya bakteria wa probayotiki, wengi hapo hawatoboi, wakitoboa bado kuna nyongo mbele. Ndo mana wakabuni kuwafungia kwenye vitone vya alijineti, ute unaotoka kwenye mwani wa kahawia (sio huu wanaolima kina mama wa Paje, huo ni mwekundu), unaichanganya na bakteria alafu unadondoshea kwenye maji ya kalisiamu kloraidi, kitone kinaganda palepale. Kwenye asidi kinajikaza, kikifika utumbo mdogo kinavimba na kuwaachia. Shida kina vitundu, asidi inapenya mdogo mdogo, so wengine wanaongeza ganda la kaitosani ya maganda ya kamba na kaa. Alafu kuna ishu ya saizi, vitone vikiwa vidogo sana ulinzi unapungua, vikiwa vikubwa unavisikia kwenye yoghati kama mchanga.

Kwenye vipimo vya maabara bakteria waliofunikwa huwa wanabaki hai wengi zaidi, hilo sibishi. Ila wewe sio chupa ya maabara. Ukimeza na chakula, hasa chenye maziwa na mafuta kidogo, asidi inapoa na bakteria wanapata kinga ya bure, yaani mtindi wenyewe ni koti tayari. Tena unaweza kuchagua bakteria mgumu badala ya kumvalisha aliye dhaifu: LGG (Lactobacillus rhamnosus GG), aliyegunduliwa 1983 na watafiti Gorbach na Goldin, alichaguliwa kwa kuvumilia asidi na nyongo, na leo shirika la Yoba wanamuuza kwenye pakiti za kugandishia maziwa Uganda na hata huku Tanzania. Boulardii (Saccharomyces boulardii) sio bakteria, ni aina ya hamira, asidi haimsumbui sana na antibayotiki za bakteria hazimuui. Bakteria mwingine, Basilasi koagulansi, anajitengenezea ganda lake mwenyewe, koti la nini tena?

Kwetu muuaji mkubwa naona ni joto na unyevu, kapsuli imekaa kwenye kontena, ikahamia duka la bati lisilo na friji, wamekufa kabla hujameza, na koti la kuzuia asidi sio lazima lizuie joto. Ila kuna makoti ya mafuta yanayozuia unyevu, na hapo nakubali hela inaenda mahali pake.

Alafu kufika sio kukaa. Utafiti wa taasisi ya Weizmann ya Israeli wa 2018 ulikuta kuna watu utumbo wao unawapokea hao bakteria na wengine unawakataa, na 2020 chama cha madaktari wa tumbo Marekani kilisema kwa magonjwa mengi ya tumbo ushahidi bado hautoshi.

Kwa hiyo bifido kwenye duka lisilo na friji, koti la kuzuia unyevu nalilipia. LGG au boulardii na mtindi upo mezani, hapana, na muuzaji akinitajia bakteria bilioni kumi kwenye kapsuli nitamuuliza ni za siku ya kutengenezwa au za siku ya kuekspaya.