"Semeni asante"

Jumapili iliyopita mhubiri mmoja mgeni aliwapanga watoto wa kipaimara mbele ya ule mbuyu wa misheni hapa Bagamoyo, akawaonyesha kile kipande cha mnyororo kinachochomoza kwenye gome, akasema: "Mababu zenu walifungwa hapa, mpaka Kanisa likaja kuwakomboa. Semeni asante." Watoto wakaitikia kwa pamoja, asante.

Tuliokulia hapa tulisimuliwa na wazee kwamba mnyororo ule ulikuwa wa kufungia punda wa mama mmoja wa Kizungu aliyekaa misheni. Mbuyu wenyewe walipanda mapadre, 1868. Lakini hilo la mnyororo ningelisamehe. Kilichonichoma ni hiyo asante.

Kwa Kiswahili unakomboa shamba uliloliweka rehani, na Yesu pia tunamwita Mkombozi. Mapadre wa Roho Mtakatifu walipokuwa Unguja, kuanzia 1863, walikwenda sokoni na fedha za michango kutoka Ulaya wakanunua watoto. Baadaye wakawaleta huku, wakawajengea kijiji, wakawatia katika kazi ya mashamba. Ni kweli, waliwatoa mikononi mwa watu ambao wangewapeleka kwenye karafuu za Pemba au kuwapakia majahazini kwenda Arabuni, na sitamtukana mtu aliyetoa fedha ili mtoto asipigwe. Ila mfikirieni huyo mtoto wa miaka minane. Ametekwa kwao, ameuzwa, ameuzwa tena, na mnunuzi wa mwisho, mwenye kanzu ndefu na msalaba kifuani, anamwambia yuko Mkombozi aliyemlipia kwa damu. Atatenganisha vipi deni lake kwa Mungu na deni lake kwa padre? Kengele ikilia anaamka, ikilia anakwenda shamba, ikilia anasali. Akikua anaozwa mwenzake wa pale pale kijijini, na wengine wanapelekwa bara na wake zao kuanzisha misheni mpya, kama ile ya Mhonda, 1877. Maisha hayo yalihubiriwa kuwa ni uhuru, na mtu aliyefundishwa tangu utoto kwamba amelipiwa hana mdomo wa kuuliza.

Mama yake bibi yangu aliletwa misheni akiwa mtoto mdogo. Bibi alinisimulia tukiwa jikoni, anakuna nazi, mguu mmoja kaukunjia chini ya mbuzi. Akasema mama yake akiulizwa kabila alijibu, "Sisi wa misheni," basi, na aliyerudia kuuliza alinyamaziwa. Hakuwachukia mapadre. Alikwenda misa kila siku mpaka miguu ilipokataa. Lakini alikuwa akizitaja nazi za misheni kwa hesabu, ngapi kwa siku, mpaka uzeeni.

Kuhusu Wajerumani sitasema mengi. Mwaka 1888 makanisa ya Ulaya yalihubiri dhidi ya utumwa wetu kwa machozi, mwaka uliofuata bunge la Ujerumani, kwa jina hilo hilo la kupinga utumwa, likatoa mark milioni 2, afisa wao Wissmann akaja na mizinga, na Desemba 1889 Abushiri, aliyeongoza watu wa Pwani kuwapinga, akanyongwa Pangani. Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria hapa mpaka 1922, Wajerumani wakiwa wameshaondoka. Na kule Tanga watu walikuwa wameshajua kipande, ile kadi ya kuhesabia siku za kazi, na kazi ya shuruti. Walikuwepo waliopinga, nakubali: Askofu Frank Weston wa UMCA, misheni ya Kianglikana, aliandika hadharani, 1920, kuwashutumu Waingereza wenzake kwa kazi za shuruti Kenya. Wangekuwa kumi kama yeye!

Tena tunapohubiri habari hizi, majina ni yale yale: Padre Horner aliyeanzisha misheni hii, Livingstone, mnara ambamo maiti yake ililazwa Februari 1874. Nani aliibeba hadi hapa? Chuma, mmoja wa walioongoza wabebaji, alikuwa kijana aliyekombolewa utumwani. Na moyo wa Livingstone ulipozikwa kule Chitambo, Zambia ya leo, aliyesoma sala ya maziko alikuwa Jacob Wainwright, naye aliwahi kuwa mtumwa. Mhubiri wa siku ile, katika pori lile, alikuwa yeye. Sijapata kusikia jina lake likitajwa mimbarani.

Waefeso sura ya sita, "enyi watumwa", nimeisikia mara nyingi, pamoja na hofu na kutetemeka kwake. Filemoni, ambamo Paulo anamrudisha Onesimo "si kama mtumwa" bali ndugu mpendwa, ni ukurasa mmoja tu. Mhubiri angewasomea watoto ukurasa huo pale chini ya mbuyu, ningemshukuru.

Baada ya misa binti mmoja wa kipaimara alinifuata nje, akaniuliza, "Bibi, waliofungwa walikuwa wanaitwa nani?"

Mama yake bibi alipewa jina la ubatizo, na ndilo lililoandikwa kaburini. Lile alilopewa na mamaye alimtajia bibi mara moja tu, akiwa kitandani, naye bibi akanitajia mimi sikioni. Niliinama nikamtajia yule mtoto.