Bajeti ya harusi yangu Ufilipino, jamani!

Tulikubaliana wageni 80, basi. Siku ya pamanhikan, yaani posa yao, mama mkwe akafungua daftari la shule mbele yangu, akalamba kidole, akahesabu. Wamefika 210. "Hao wengine majirani tu," anatabasamu. Majirani tu!

Desturi yao upande wa bwana harusi ndio unaogharamia, na ukiwa mgeni wanadhani umelalia dola. Kwetu Moshi ningeunda kamati, nikagawa kadi za michango. Huku kamati ni mimi na simu yangu.

Lechon, yule nguruwe mzima wa kubanika, nilidhani mmoja anatosha. Wanataka watatu. Halafu ninong na ninang, wasimamizi wa ndoa, jozi 12, kila mtu na zawadi yake ya shukrani. Zile sarafu 13 ambazo bwana harusi humkabidhi bibi harusi kanisani sina ugomvi nazo, zinapendeza. Ila karatasi ya ubalozi ya kuthibitisha kwamba sina kizuizi cha kuoa imenikausha mfuko kabla hata keki haijaagizwa.

Jana daftari limefunguliwa tena. Binamu wa kisiwa cha Cebu wanakuja, kumi na kitu. Watalala wapi? Wote wakanigeukia mimi.