Impreza za Miaka ya Tisini: Zirudishwe Kama Zilivyotoka Kiwandani, au Ziendelee Kubadilishwa?

Fundi alipitisha grainda juu ya upinde wa tairi la nyuma, na haikupita dakika gari likaanza kutoa siri zake. Juu kulikuwa na rangi nyeusi, chini ya nyeusi buluu, na chini ya buluu nyeupe, ile liliyokuja nayo kutoka Japani. Sentimita chache kuelekea ukingoni, nyeupe ikapotea. Badala yake ikatokea puti, nene kama kidole, na nyuma ya puti hapakuwa na kitu. Chuma kilishakatwa zamani. Mzee akazima mashine, akapapasa ukingo wa tundu kwa kidole gumba, akaniambia, "Aliyekata hapa, kijana wangu, hakuwa na nia ya kurudi."

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX, Impreza ya kasi yenye tabo, ya mwaka 1997. Mwenyewe wa zamani alitaka lifanane na 22B, ile Impreza ya milango miwili, bodi pana na injini ya lita 2.2, ambayo Subaru ilitengeneza 400 tu kwa soko la Japani mwaka 1998. Akakata pinde na kufunga fenda pana za faibaglasi. Aliyemfuata akachoka nazo, akazing'oa, akajaza puti. Sasa gari liko mikononi mwa rafiki yangu, na nyumbani kwake kuna mabishano ninayoyasikia karibu kila gereji ninayopita. Yeye anataka lirudi kama lilivyotoka kiwandani, mpaka redio. Mdogo wake anasema huko ni kumwaga pesa: gari limeshakatwa, litiwe tabo kubwa (turbo, kile kinachosukuma hewa zaidi kwenye injini) na breki kubwa, liendeshwe.

Mabishano haya yamefika wakati wake. WRX za kwanza zilitoka mwaka 1992, na FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, huanza kulihesabu gari kuwa la kihistoria likifikisha miaka 30. Gari ambalo juzi tu lilikuwa la vijana wa kushindana usiku limeshaingia rika la wazee. Na kwetu Afrika Mashariki si umri pekee. Dereva Colin McRae alishinda Safari Rally, mbio za magari za Kenya, na Impreza mwaka 1997, mwenzake Richard Burns akaishinda na Impreza mwaka 2000. Baada ya mwaka 2002 Safari ikaondolewa kwenye ratiba ya ubingwa wa dunia, isirudi hadi 2021. Katika miaka ile yote ya ukimya, watoto wengi waliijua Safari kupitia Impreza ya jirani, buluu yenye rimu za dhahabu, ikipasha injini moto asubuhi.

Halafu liko suala la idadi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane. Kwa hiyo Impreza za miaka ya tisini zilizopo barabarani ndizo hizo hizo. Ikifa moja, hakuna meli itakayoleta nyingine kwa mnunuzi wa kawaida. Tanzania haijafunga mlango, ila gari kuukuu hutozwa ushuru wa ziada kwa umri wake. Na huko Japani kwenyewe ushindani ni mkali, kwa sababu sheria ya Marekani inaruhusu gari lolote lililofikisha miaka 25 kuingia bila masharti ya kawaida ya usalama, na Wamarekani wanayasubiri magari haya kwa hamu.

Hapo ndipo hoja ya warudishaji inapopata nguvu, na mimi ninaisikia vizuri. Kitu kisichotengenezwa tena kina haki ya kutunzwa. Nissan walilielewa hilo walipoanza mwaka 2017 kutengeneza upya vipuri vya Skyline GT-R R32, Toyota wakafanya vivyo hivyo kwa Supra za zamani, na Mazda wakafungua mpango wa kufufua Roadster za kizazi cha kwanza. Kampuni kubwa haziwashi upya mitambo ya kutengeneza kipuri cha miaka thelathini kwa ajili ya kumbukumbu tupu. Zinajua kuna watu wanaotaka gari lilivyokuwa.

Ila hoja yao yenye uzito zaidi kwangu haihusu bei. Gari zima lilipimwa kwa pamoja. Wahandisi walichagua springi kwa kuangalia shokapu, shokapu kwa kuangalia tairi, na tairi kwa kuangalia uzito wa injini ile iliyolala, yenye silinda zilizolazwa ubavu. Ukishusha gari kwa kukata springi, kama tunavyoona kila siku, umeondoa kipande kimoja kwenye hesabu ambayo hukuifanya wewe. Miaka michache iliyopita niliendesha WRX ambayo haikuwa imeguswa, hata pedali zilikuwa zimelika kwa viatu vya mtu mmoja. Nilishangaa jinsi ilivyokuwa laini. Ilimeza mashimo, kisha ikatulia kwenye kona kama imeshikwa mkono. Nilikuwa nimeendesha Impreza kumi kabla ya hiyo, na kumbe sikuwahi kuendesha Impreza.

Chukua hata mlio wake. Wengi wanaamini ule mlio wa kudundadunda unatokana na injini kulala. Sivyo. Unatokana na manifodi ya ekzosi, ambayo mabomba yake hayalingani urefu, hivyo moshi wa silinda hizi na zile haufiki kwenye tabo kwa mpangilio uliolingana. Kijana anafunga manifodi ya mabomba yaliyolingana ili apate nguvu zaidi, na nguvu kidogo anaipata kweli. Lakini jioni ile gari linanyamaza sauti yake. Nimeshuhudia mtu akisikitika kwa jambo hilo, akiulizia manifodi yake ya zamani ambayo ilishauzwa kama chuma chakavu.

Sasa upande wa mdogo wake rafiki yangu. Ungekuwa upande wa pambo tupu, ningeuacha. Lakini una hoja za kifundi ambazo warudishaji wengi wanazikwepa, na ya kwanza ni mafuta. WRX za soko la Japani zilisetiwa kwa petroli yao ya daraja la juu, yenye oktani (kipimo cha mafuta kutolipuka kabla ya wakati) inayokaribia 100. Supa ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Ukikanyaga gesi kwenye mlima na tabo likiwa limejaa, injini iliyoachwa na seti yake ya Japani inaweza kunoki, yaani mchanganyiko unalipuka kabla ya wakati wake, na pistoni ndiyo inayolipa. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, ina namna ya kujikinga, lakini kinga ina mpaka. Kwa hiyo mtu anayeisetia upya kompyuta ya injini kwa mafuta ya hapa analilinda gari. Anayeshikilia seti ya kiwandani kwa sababu ya neno "orijino" anaweza kuua injini orijino.

Ya pili ni mwinuko. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na tabo inapoteza nguvu waziwazi. Tabo linafidia, na naamini hiyo ni sababu mojawapo ya WRX kupendwa sana na watu wa nyanda za juu. Lakini ili kufidia, tabo linazunguka kwa kasi zaidi kuliko lilivyokusudiwa kule usawa wa bahari. Kuliwekea kipoza hewa (intercooler, kinachopoza hewa inayoingia kwenye injini) kikubwa zaidi ni busara. Breki nazo: zile za STI, toleo kali zaidi la WRX, za kizazi kilichofuata, za pistoni nne, hufungwa kwa bolti ukiwa na rimu za inchi 17, na mtu anayeteremka mteremko mkali wa Mai Mahiu nyuma ya malori hahitaji kuelezwa faida yake.

Hoja ya tatu ndiyo ngumu kuliko zote: hiyo asili tunayotaka kuirudia ni ipi? Impreza iliyoshinda Safari mwaka 1997 haikuwa kama iliyouzwa dukani. Ilikuwa imeinuliwa, ina ngao ya chuma mbele kwa ajili ya wanyama, na bomba la hewa limepandishwa juu ili injini isimeze maji mtoni. Tukirudi nyuma zaidi, dereva Joginder Singh alishinda Safari mwaka 1965 na Volvo PV544 ambayo ilikuwa imeshapigishwa mashindano kabla hajaipata. Dereva Shekhar Mehta aliishinda mara tano, mwaka 1973 na Datsun 240Z, kisha mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, na hakuna hata moja kati ya magari hayo lililoachwa lilivyotoka kiwandani. Historia yetu ya magari ya kasi ni historia ya kubadilisha gari ili liweze barabara zetu. Anayeifuta yote ili arudi kwenye brosha ya Japani anafuta sehemu ambayo ni yetu.

Nairobi tunayo bahati ya kuziona falsafa zote mbili. Kwenye uwanja wa farasi wa Ngong, klabu ya wamiliki wa Alfa Romeo huandaa Concours d'Elegance, mashindano ya gari lililotunzwa vizuri zaidi, ambako majaji wanachungulia hadi chini ya gari. Na tangu 2003 kuna East African Safari Classic Rally, mbio za magari ya zamani, ambako Porsche 911 na Datsun za kale zinaimarishwa bodi, zinafungwa shokapu za kisasa, kisha zinatupwa kwenye vumbi kwa siku kadhaa. Nimewaona watu walewale wakishangilia kote kuwili, na sioni mgongano.

Kinachoniuma ni vile vitu visivyorudi. Nilipopata Impreza yangu ya kwanza, niliviuza viti vyake ndani ya miezi miwili nikaweka vya mashindano, vigumu, vyekundu. Mnunuzi aliondoka navyo kwenye pikapu, na nilifurahi kwa sababu pesa ile ilinunua rimu. Miaka sita baadaye nilizunguka Barabara ya Kirinyaga yote, ile ya maduka ya vipuri Nairobi, nikamtuma binamu yangu mtaa wa vipuri wa Gerezani kule Dar es Salaam, nikitafuta kitambaa kile kile. Kilichopatikana ni kiti kimoja, cha abiria, kimechanika. Ningekuwa na stoo ya futi sita tu, ningekuwa navyo hadi leo.

Kwa hiyo mimi naigawa kazi kwa bolti na msumeno. Kinachofungwa kwa bolti kinaweza kufunguliwa: breki, shokapu, kipoza hewa, kontroli boksi, hata injini nzima. Fanya upendavyo, ila kipande kilichotoka kifungwe kwenye gunia, kiandikwe, kitunzwe, na siku ya kuuza gari kiende nalo. Kilichokatwa kwa msumeno au kuchomelewa ni uamuzi unaowafanyia watu ambao bado hawajazaliwa. Mkataba wa Turin wa FIVA unakaribiana na msimamo huo: unataka mabadiliko yawe yale yanayoweza kurudishwa nyuma, na yawekwe kwenye kumbukumbu. WRX ambayo haijaguswa mpaka leo hii, kwa maoni yangu, haina ruhusa ya msumeno, hata kama mwenyewe ana hati na fundi ana nafasi.

Lakini gari ambalo limeshakatwa sana, sioni sababu ya kumfilisi mtu akiikimbilia asili. Liwe gari zuri lililobadilishwa, lijengwe kwa ustadi, na liseme ukweli juu yake. Ukweli huo nao una maadui upande wa warudishaji. Zipo Impreza ngapi zenye nembo ya STI ambazo hazikuwahi kuwa STI? Kibati cha modeli ndani ya boneti kinasema lake, nembo ya buti inasema lake. Kurudisha gari mahali ambapo halikuwahi kuwa ni kosa kubwa kuliko kufunga tabo kubwa, kwa sababu tabo linaonekana.

Rafiki yangu na mdogo wake walikubaliana nusu kwa nusu, baada ya jioni nyingi za chai. Pinde za nyuma zimekatwa kutoka kwenye Impreza iliyopata ajali, chuma safi, zikachomelewa polepole ili bodi isijikunje kwa joto. Breki za STI zinabaki, kompyuta inasetiwa kwa mafuta ya hapa, na springi zilizokatwa zimetupwa bila mjadala. Rangi inarudi nyeupe. Hilo lilimuuma mdogo mtu, maana buluu ile aliipiga baba yao, yeye ndiye aliyelinunua gari kwa yule wa puti, wiki chache kabla ya kustaafu. Mzee wa gereji aliwasikiliza, akachukua masking tepu, akafunika kipande cha ukubwa wa kiganja ndani ya buti, chini ya zulia, upande ambao msumeno haukufika. Bunduki ya rangi ilipopita kote, alibandua ile tepu, akakisugua kipande kile kwa msasa wa maji, ngazi kwa ngazi. Nyeusi iko pale, buluu ipo, na nyeupe ya Japani ipo.