Drai klini ya jina tu

Ubao wa nje umeandikwa drai klini, ndani ndoo, sabuni ya unga na pasi. Ala! Drai klini ni kusafisha bila maji. Dawa yake huyeyusha mafuta, nguo ya sufu isirowe. Joho la bwana harusi likitiwa maji ya moto na kusuguliwa, sufu husinyaa, bitana ikabaki vile vile, mishono ikavutana. Hapo pasi haisaidii kitu. Na jasho la kwapani? Chumvi yake haitoki kwa dawa ile peke yake: doa lifutwe kwanza kwa kitambaa chenye maji kidogo, kabla ya pasi, maana moto hulikaza likawa manjano. Halafu ati unakabidhiwa nguo ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa. Iache humo kabatini, masika haya ya Unguja, uone kuvu.