Crown ya mdogo wangu, BMW yangu, na siti ya nyuma

Juzi usiku nimetoka zamu, sijavua hata viatu, simu ikalia. Mdogo wangu kanitumia video ya sekunde ishirini kutoka Dar: Crown yake imeegeshwa uani kwetu Kimara, boneti wazi, fundi anakanyaga mafuta, ekzosi inakoroma mpaka mbwa wa jirani wanabweka. Chini kaandika: "Kaka, huku tunaendesha spoti. Wewe endelea na mabasi yako." Hilo la mabasi ni kweli, mimi ni dereva wa basi la mjini hapa Köln, Ujerumani, mwaka wa tisa huu. Hilo la spoti ndilo limeninyima usingizi.

Gari yenyewe ni Toyota Crown Athlete, toleo lililotoka Japani mwaka 2003 ambalo wenyewe waliliita Zero Crown. Injini ni V6 ya lita 2.5, nguvu za farasi 215. Mimi nina BMW 530i ya mwaka 2002, lita 3, silinda sita zimepangwa mstari mmoja, farasi 231. Ukiziweka bega kwa bega ni watoto wa mama mkubwa na mama mdogo: milango minne, watu watano, buti la kumeza gunia bila kulikunja, na zote mbili zilibuniwa kwa ajili ya mtu mwenye cheo ambaye hataki kufika kazini amechoka. Kwa hiyo nikisema ya kwake si gari ya spoti, nimeihukumu na yangu. Sina tatizo na hilo. Mwenye tatizo ni yeye.

Anang'ang'ania jina. Athlete ni mwanariadha, sasa utasemaje mwanariadha si mtu wa michezo? Namjibu kwamba jina la gari hutungwa na muuzaji. Noah ni Nuhu, zimejaa Dar nzima na sijaona hata moja iliyojengwa kwa ajili ya gharika. Masika ikinyesha pale Jangwani ndizo za kwanza kuzima. Crown inatengenezwa tangu mwaka 1955, na kwao Japani ni gari ya mameneja, ya polisi, hata ya teksi. Hiyo Athlete ina pacha wake anaitwa Royal Saloon. Mmoja kavaa raba, mwingine kavaa viatu vya ofisini, lakini mama yao ni mmoja.

Sisi wenyewe tumelilegeza hili neno. Nyumbani "spoti" ilianzia kwenye rimu. Nilivyokua mimi, gari yoyote ikivuliwa vyuma vyake vya kiwandani ikavishwa sport rim, tayari ilikuwa na uspoti ndani yake, hata kama ni IST ya mwalimu. Baadaye ikaja vioo vyeusi, ikaja ekzosi ya kutoboa, ikaja kukata springi ili gari ilale chini. Injini inaweza kubaki ileile iliyokuwa inapeleka watoto shule.

Lakini haki yake nimpe. Kwa barabara tulizonazo, mdogo wangu ana hoja. Chukua Morogoro Road, niliyopita naye Desemba. Umetoka tu, kibao cha 50. Tuta. Kivuko cha wanafunzi. Kibao cha 50 tena. Anayekuja mbele anakupiga taa mara mbili, unajua kabisa kuna askari kakaa chini ya mwembe na tochi yake, na shilingi 30,000 zako zinamsubiri. Hapo katikati unapata nafasi fupi ya kumpita lori la saruji, na hapo ndipo Crown inapoonyesha ilichonacho: inachanganya haraka, unasikia mgongo umeegemezwa kwenye siti, lori limebaki kwenye kioo, halafu breki, tuta. Kwenye maisha ya namna hiyo, kati ya tuta na tuta, hutaona tofauti ya Crown na Porsche. Zote zitafika kwenye tuta lile lile na zote zitalipanda kwa adabu. Tena Porsche itabaki juu yake, tumbo limekaa. Na kama shida ni mwendo tu, basi treni ya SGR inayokwenda mpaka kilomita 160 kwa saa inawaacha wote, na abiria wake anakula karanga.

Huku ndiko kunakoumbua. Kwenye Autobahn, barabara kuu za Wajerumani, kuna vipande visivyo na kikomo cha mwendo. Serikali inapendekeza 130, ukizidisha ni wewe na akili yako. Mwaka juzi, Jumapili asubuhi, siku ambayo malori mazito yamezuiwa barabarani, tulikuwa kwenye A61 tunaelekea Koblenz. Mke wangu mbele na kikombe chake cha chai, mtoto nyuma kalala mdomo wazi. Barabara kavu, nyeupe, haina mtu. Nikakanyaga. 160, 180, 200. Usukani haukutetemeka. Chai haikumwagika. Mtoto hakugeuka hata ubavu. Mke wangu akaniuliza kama nimekumbuka kufunga dirisha la jikoni. Nikiwa bado najisikia dereva wa mashindano, nikaona taa kwenye kioo, nikarudi kulia, akanipita mzee mmoja na gari ya familia, mizigo imejaa, mbwa wake ananitazama kupitia kioo cha nyuma.

Siku hiyo ndiyo nilijua ninamiliki kochi lenye injini. Na sisemi kwa kulidharau. Kufanya kilomita 200 kwa saa zionekane kama sebuleni ni ufundi mkubwa kuliko kupiga kelele kwenye 80. Ila ni ufundi wa kitu kingine.

Hata makaratasi yao hayakuzungushi. Nilipopata kadi ya gari, sehemu ya umbo imeandikwa "Limousine". Kijerumani hilo ni neno la kawaida la gari yoyote ya milango minne yenye buti. Mimi kwa ushamba wangu nikaipiga picha nikairusha kwenye grupu la familia. Mama akapiga simu mchana wa kazi: "Mwanangu, umenunua limuzini?" Yeye alikuwa anaiona ile ndefu ya maharusi, yenye maua ubavuni. Nikaeleza mpaka salio likaisha. Mjomba hakungoja maelezo, kesho yake akaleta habari za mchango.

Halafu kuna ofisi yao ya serikali ya magari kule Flensburg, hiyohiyo inayotunza pointi za madereva wakorofi, ambayo kila gari jipya linalosajiliwa inalipangia kundi lake. Five Series ya BMW, ambayo ndiyo jamii ya hii 530i yangu, E-Class ya Mercedes na A6 ya Audi zimewekwa pamoja, daraja la juu kidogo ya kati. Magari ya spoti yana kundi lao, na humo utaikuta Porsche 911. Sasa kilichonifurahisha: Porsche Panamera, ambayo ina milango minne na bei ya kununulia nyumba, haimo. Wameipeleka kwa wazee, kundi moja na S-Class, ile Mercedes kubwa ya kifahari. Nilimtumia mdogo wangu taarifa hiyo. Akajibu kwamba Wajerumani hawajui magari.

Bima nayo niliiogopa bure. Nilidhani wakiona lita 3 wataniita mtu wa mashindano. Dada aliyenihudumia aliuliza natembea kilomita ngapi kwa mwaka, gari inalala wapi, na nani mwingine ataendesha. Kila aina ya gari ina namba yake inayotokana na hasara ambazo magari ya aina hiyo yameleta, basi. Kwetu bima kubwa ni asilimia ya thamani ya gari, na ukikata bima ndogo hakuna atakayekuuliza inalala wapi.

Lakini aliyenimaliza ubishi kabisa ni mwenzangu wa kazini, fundi wa mabasi, ana Mazda MX-5 ya zamani. Siti mbili, hema badala ya paa, farasi 115, yaani karibu nusu ya zangu. Gari nzima ina uzito wa tani moja hivi. Yangu imepita tani moja na nusu kabla hujapakia mtu. Jumamosi moja akaniambia tupande milima ya Eifel, huko kwenye kiwanja cha mashindano ya magari cha Nürburgring, siyo kuingia kiwanjani, kuzunguka tu vijiji vya jirani. Kwenye nyoofu nilikuwa namkuta bila jasho. Ikija kona, haonekani. Mimi naingia na breki, gari inainama upande kama daladala la Mbagala saa kumi na mbili jioni, matairi yanalia, nikitoka kwenye kona naona taa zake zinapotea kwenye kona nyingine. Baada ya nusu saa breki zangu zikaanza kunuka.

Tukabadilishana gari. Magoti yangu yalikaribia masikio. Buti lake halichukui hata masufuria ya shughuli. Kila kokoto nililisikia kiunoni, na kelele ya upepo ilikuwa kubwa kiasi kwamba hatukuzungumza. Lakini usukani! Unafikiria kona, gari imeshageuka. Hakuna mtu aliyefikiriwa kwenye gari ile isipokuwa dereva. Abiria kawekewa kiti kwa huruma tu. Nilishuka nacheka peke yangu. Kwenye yangu sijawahi kushuka nacheka. Nashuka nimepumzika.

Wanaojua historia watanibishia, na wana silaha. Mei 1984, Nürburgring mpya ilipofunguliwa, madereva wakubwa walipewa Mercedes 190 E 2.3-16 zinazofanana washindane, na aliyeshinda ni kijana wa Brazil aitwaye Ayrton Senna, ambaye baadaye akawa bingwa wa dunia, nyuma yake Niki Lauda, aliyekuwa bingwa tayari. Gari hiyo ni sedani ya milango minne. Iko pia Mercedes 500 E, V8 ya lita 5, iliyotengenezwa kwa msaada wa Porsche kiwandani kwao Zuffenhausen. Na ipo BMW M5, dada mkali wa hii yangu, umbo lilelile, farasi 400 na gia za mkono.

Sawa. Ila itazame hiyo 500 E vizuri. Mercedes ya kawaida ya umbo lile inakaa watu watano. Ile inakaa wanne. Walipotaka iwe kali, mtu wa kwanza kushushwa alikuwa yule wa katikati nyuma. Hapo ndipo ninaposimama mimi. Gari haiwi ya spoti kwa sababu ya farasi, wala mwendo, wala ekzosi. Inakuwa ya spoti pale aliyeichora alipokubali kumkosesha mtu raha kwa ajili ya dereva. Senna angeweza kushinda hata akipewa Hiace, na Hiace ingebaki Hiace. Hiyo M5 naiheshimu, lakini siti yake ya nyuma bado bibi anaweza kulala. Mimi naiita sedani yenye hasira.

Na Desemba, kwenye safari ile ya Morogoro, ushahidi ulikuwa nyuma yetu. Tunarudi, buti lina gunia la mchele na kuku wawili waliofungwa miguu, mdogo wangu anaendesha huku ananihubiria kuhusu V6. Kabla hatujamaliza Chalinze mama alishalala, kajitanda kanga, kichwa kwenye kioo. Tukapita malori, tukapita matuta, tukapigwa tochi mara moja na askari akaongea kwa sauti mpaka faini ikaandikwa. Mama kaamka Mlandizi kuuliza kama tumefika Kibaha. Nikamwambia mdogo wangu: ukitaka kujua umenunua gari gani, usitazame dashibodi, mtazame mama. Gari inayomlaza mama kilomita zote hizo ni limuzini, kama ya kwangu. Hakunijibu. Aliongeza sauti ya redio.

Sasa turudi kwenye video. Niliitazama mara ya pili, ndipo nikaona ekzosi siyo habari pekee. Crown imeshuka. Kati ya tairi na bodi hapaingii vidole viwili, springi zimekatwa. Nikamuuliza tuta la kuingilia kwetu analipitaje. Akasema anakwenda mshazari, taratibu, tairi moja moja. Nikamuuliza mama anasemaje.

"Mama hapandi tena, kaka. Anasema kuingia anaweza, kutoka ndiyo magoti yanakataa. Jumapili kaenda kanisani na bajaji." Halafu ikaingia meseji nyingine: "Kwa hiyo kwa sheria yako wewe mwenyewe, si imeshakuwa spoti?"

Nimeisoma, anaona kwamba nimeisoma, na leo ni siku ya tatu sijamjibu.